Mwanamke Aliyeshika Shavu

4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Ulishaniambia kwamba simu ni ya kujuliana hali na barua ni ya mambo. Nimekaa chini kuandika, maana leo nina mambo.

Kwanza lile la furaha. Jumba letu la sanaa linatimiza miaka arobaini mwezi Juni. Tutafungua maonyesho ya picha za miaka ya mwanzo, zile ulizozipokea ulipokuwa mwandishi wa maelezo hapa. Mkurugenzi anataka uje siku ya ufunguzi, usimame mbele ya wageni, usome kwa sauti yako kibao ulichokiandika chini ya "Mwanamke Aliyeshika Shavu". Nimemwambia utakuja hata kwa kutambaa. Usiniangushe.

Pili, msimamizi wa maonyesho ametoa amri mpya. Ndiye yule tunayemwita Bwana Milimita kisogoni, kwa sababu hapiti mbele ya picha bila kutoa futi mfukoni. Sasa kila sentensi iliyo kwenye kibao lazima iwe na karatasi yake ya chanzo: nani alisema, lini, wapi. Chini yake sharti iwepo sahihi ya mtu wa leo anayekubali kuibeba. Vibao vinavyotumiwa na idara ya elimu nimepewa mimi. Vyako ni thelathini na kimoja. Thelathini vina karatasi zilizopangika utadhani ulijua kwamba siku moja tutakuja kukukagua. Cha mwisho ni hicho cha Mwanamke, na jalada lake ni tupu.

Nakunukuu, usije ukasema nimekulisha maneno: "Mama huyu amempoteza mwanawe wa pekee. Mchoraji alimkuta siku ya tatu, akiwa bado hajasema neno." Mjomba, maneno hayo nayajua kama ninavyojua njia ya nyumbani. Juu yake nimejenga somo langu la Dakika Kumi za Kimya. Wanafunzi wanakaa sakafuni mbele ya picha, hawasemi kitu dakika kumi, halafu kila mmoja anaandika sentensi moja. Mwaka jana zilikuja shule arobaini na mbili. Somo hilo ndilo lililonipandisha cheo.

Tatu, la kukuchekesha. Jumatano iliyopita kilikuja kikundi cha wastaafu, kama kawaida yao. Wana mwenzao mpya, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Wanamwita Mama Vipuri kwa sababu ya duka la mwanawe. Alifika mbele ya picha akaangua kicheko. "Jamani! Si mimi huyu?" Mwongozaji akamwomba apunguze sauti. "Nipunguze nini, mwanangu? Siku hiyo nilikuwa naumwa jino! Gego la chini, hili hapa," akafungua kinywa amwonyeshe pengo. Hakuwa na miwani, kwa hiyo kibao hakukisoma. Waongozaji walivunjika mbavu. Bwana Milimita hakucheka.

Nipe chanzo chako tu, Mjomba, hata mstari mmoja. Karatasi inatakiwa mezani kwa Milimita tarehe ishirini.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imefika salama, isipokuwa kona moja ambayo nadhani mtu wa posta aliikalia. Mwandiko wako umepata nidhamu. Haraka bado unayo.

Mwambie mkurugenzi kwamba nitakuja. Koti la kijivu limekwenda kwa dobi leo asubuhi, nami nimeanza kusoma kwa sauti baada ya chai ili koo lizoee. Jirani ameuliza kama ninagombana na mtu.

Kuhusu huyo mama wa vipuri, usibabaike. Katika miaka ishirini na sita niliyofanya kazi humo, watu wanne walijitambua katika picha ya kinyozi na wateja wake, na mmoja wao alizaliwa baada ya picha kuchorwa. Mtu akizeeka hupenda kujiona ukutani. Msimcheke. Mpeni kiti na maji ya kunywa.

Kuhusu chanzo, andika hivi: maelezo yalitokana na mazungumzo ya mwandishi na mchoraji mwenyewe, nyumbani kwake, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Inatosha. Mchoraji alikuwa mtu wa maneno machache, ndiyo maana jalada ni jembamba.

Somo lako ni jema. Usikubali livurugwe kwa sababu ya gego.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa chanzo. Nimekiandika kama ulivyosema, neno kwa neno, na jana asubuhi nikatia sahihi. Bwana Milimita aliisoma karatasi mara mbili, akaipiga muhuri, akasema, "Kama mjomba wako amesema, basi." Nilijisikia nimekua.

Sasa sikia yaliyotokea jana hiyohiyo mchana.

Mama Vipuri alirudi, na safari hii alikuwa na miwani. Nilimpa kiti kama ulivyoagiza, akakikataa. Alikisoma kibao polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akakisoma tena. Hakucheka. Akanigeukia. "Nani ameandika kwamba mwanangu amekufa?"

Nikamwambia, "Mama, huenda mwanamke wa kwenye picha si wewe."

Akanyanyua mkono wake wa kushoto, akauweka shavuni vilevile. Kidole chake cha mwisho kimepinda kwenda nje. Mjomba, cha kwenye picha pia kimepinda. Nimewaketisha watoto mbele ya picha ile miaka sita na sikuwahi kukiona.

Niliona afadhali nimwite Milimita. Alishuka, akamwamkia, akamweleza kwa adabu kwamba kumbukumbu zetu zinaonyesha mchoraji mwenyewe alieleza habari ya picha.

"Mchoraji!" alisema Mama Vipuri. "Mchoraji aliniahidi kwamba akimaliza uso atanipeleka kwa daktari wa meno. Akamaliza uso, akaanza mikono."

Kisha akaishusha sauti, na hapo ndipo niliogopa, kwa sababu sikujua kwamba anaweza kuishusha. "Mwanangu ana miaka arobaini na mmoja na tumbo kama pipa. Nyinyi mmemuua ukutani. Halafu mnawaketisha watoto wa watu chini wamlilie."

Neno hilo limenikaa rohoni. Nililala nalo, nikaamka nalo. Lakini karatasi ina neno lako, na sijawahi kulitilia shaka neno lako tangu uliponifundisha kusoma. Kwa hiyo najiambia kwamba mchoraji alikutania, au alikuambia habari ya mwanamke mwingine ukaichanganya. Ni mojawapo kati ya haya? Niambie ni lipi, nikamwambie.

Mpwa wako

28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku kumekuwa na mvua za asubuhi. Koti limerudi kutoka kwa dobi likiwa limepungua mikono, au mimi nimerefuka, jambo lisilo la kawaida kwa umri huu.

Barua yako nimeisoma. Kidole kilichopinda si kitambulisho. Waliopinda vidole ni wengi.

Je, huyo mama alisema kama siku ile kulikuwa na mtu mwingine katika chumba cha mchoraji?

Kwa sasa sina la kuongeza.

Mjomba wako

6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ulikuwepo mtu mwingine, nami nimemwona kwa macho yangu.

Jumatano iliyopita Mama Vipuri alikuja na mwanawe. Ni mtu mkubwa kweli, mpole, ana mikono iliyoshika grisi mpaka kwenye mistari ya viganja. Alisimama mbele ya kibao akajisomea kifo chake. "Kumbe nilikufa mdogo," alisema. Alikuwa na miaka saba siku ile, na alikuwa chini ya meza ya mchoraji akichezea vifuniko vya makopo ya rangi. Alinieleza meza ilivyokuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Nikaenda kutazama picha nyingine ya mchoraji huyo, ile ya chumba chake cha kazi. Meza ina waya.

Kulikuwa na darasa sakafuni saa ile. Nilishindwa kuanza somo. Niliwapeleka kwenye picha za ndege, nikawaambia leo tutahesabu rangi. Mwalimu wao alinitazama kwa jicho la pembeni.

Kuna jambo jingine, nami nalisema upesi kabla sijaghairi. Jana nilikuwa stoo nikitafuta fremu, nikafungua kasha la picha za kamera za zamani. Niliikuta ya Mwanamke, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiberiti. Nyuma yake kuna mwandiko wako, kwa penseli: "Mkono shavuni. Kitambaa. Huzuni, labda." Tarehe uliyoiandika ni ya miezi minane baada ya kifo cha mchoraji.

Kama alikuwa amekwisha kukueleza akiwa hai, "labda" ilitoka wapi?

Sikumwonyesha mtu. Nimeiweka kwenye droo yangu na kuifunga, na ufunguo nauvaa shingoni kama mwizi. Bwana Milimita ananiamkia kila asubuhi, nami namwangalia viatu.

Sikuulizi kama mkaguzi. Nakuuliza kama mtoto wa dada yako.

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako zaidi ya wiki mbili. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

Sikuzungumza na mchoraji. Nilimwona mara moja tu maishani, akishuka ngazi nami nikipanda, na hata salamu hatukupeana.

Picha zake zililetwa baada ya kifo chake, katika masanduku ya mbao yaliyopigiliwa misumari. Zilikaa stoo wiki tano kwa sababu kuta zilizopakwa upya zilikuwa hazijakauka rangi. Mpiga chapa naye alitaka maneno wiki tatu kabla ya ufunguzi wa maonyesho yake. Ndivyo tulivyofanya kazi wakati ule: kibao kiliandikwa kabla ya sanduku kufunguliwa. Nilipewa picha hizo ndogo za kamera, zilizopigwa kabla ya masanduku kufungwa, nikaandika nikiziangalia kwa kioo cha kukuzia. Kwa picha thelathini nilikuwa na barua za mchoraji, madaftari yake, na kaka yake wa kumuuliza. Kwa hii sikuwa na chochote isipokuwa mkono shavuni na kitambaa kichwani.

Niliandika "huzuni, labda". Asubuhi yake hiyo "labda" ikaniudhi. Niliiona kama kazi ya mtu mvivu, nikaiondoa. Ilipoondoka, huzuni ikataka sababu, nikaipa mtoto aliyekufa. Mtoto akataka siku, nikampa ya tatu. Haikuchukua robo saa. Mkurugenzi wa wakati ule alisoma, akavua miwani, akanishika bega. Hakuwahi kunishika bega kabla ya siku ile.

Sanduku lilifunguliwa mchana, siku moja kabla ya ufunguzi, na mimi nilikuwepo. Rangi zilieleza kila kitu. Shavu limevimba na kung'aa chini ya vidole. Kitambaa kimepita chini ya kidevu na kufungwa utosini, kama mtu anavyolifunga taya linalomuuma. Fundi wa kutundika alisema, "Huyu mama hajalala kwa jino." Vibao vilikuwa vimekwisha kuchapwa. Nikamwambia atundike.

Wiki ileile nilikuwa nimesimama karibu na darasa moja. Msichana mdogo alisema, "Mwalimu, huyu anaumwa jino." Mwalimu akamwambia awe na adabu, asome kibao. Alisoma, akaona haya, akatazama viatu vyake. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema neno moja tu, naye angeinua uso. Sikulisema. Tangu hapo, kwa miaka thelathini na mitatu, watu wamesoma kwanza halafu wakatazama, na kila aliyetazama ameona nilichomwambia aone.

Ulipoandika mara ya kwanza, nilikuwa na nafasi ya kulimaliza kwa mstari mmoja. Koti lilikuwa kwa dobi, wageni walikuwa wakinisubiri, nikachagua koti. Kosa la kibao ni la ujana. Kukuacha wewe utie sahihi chini ya uongo wangu ni kosa la mzee mwenye akili timamu, na kwa hilo sina la kujitetea.

Mpe Bwana Milimita barua hii pamoja na ile picha ndogo. Ila kabla ya kumpa, kata sahihi yako kwa mkono wako mwenyewe, uandike tarehe. Iwe ni wewe uliyeiondoa, si yeye. Kama itakulazimu kuniaibisha ili ubaki kazini, niaibishe bila kusita.

Mwambie mkurugenzi kwamba sitasoma.

Naomba pia anwani ya yule mama.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikukasirikia. Siku tatu sikutaka hata kuiona bahasha yako. Kibao ningekusamehe siku ileile, maana nani hajawahi kutia chumvi? Ila nilikuuliza nikiwa nimekuamini, nawe ukanijibu kuhusu mikono ya koti.

Siku ya nne nilikata sahihi yangu, nikaandika tarehe, nikapanda ghorofani na vyote vitatu: karatasi, picha ndogo, na barua yako. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Bwana Milimita alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye habari ya msichana mdogo akakaa. Alipomaliza aliniuliza tangu lini nimekuwa na picha ile. Nikamwambia: siku ishirini na nne. "Siku ishirini na nne ni nyingi," alisema. Nimeandikiwa onyo, nami nimelipokea kwa sababu ni haki yangu. Hakupandisha sauti hata mara moja. Ni afadhali angepandisha.

Kisha akashuka mwenyewe na kisu chembamba, akakibandua kibao asiharibu hata punje ya rangi ya ukuta. Pameachwa mraba mweupe.

Alimwita Mama Vipuri, akamwomba kwa niaba ya jumba aeleze siku ile kama anavyoikumbuka. Mama Vipuri alieleza saa nzima na robo, Milimita akiandika. Kwenye karatasi ya chanzo ametia sahihi mama mwenyewe, kubwa, imetoka nje ya kisanduku. Milimita hakumwambia kitu. Kibao kipya kinachapwa, nami ndiye niliyekiandika. Niliandika nikiwa nimesimama mbele ya picha.

Somo langu limesimamishwa hadi ufunguzi upite. Mkurugenzi bado ananuna. Alikuwa amekwisha kutaja jina la somo kwenye mwaliko. Walimu wanapiga simu kuuliza, nami nawaambia ukweli, mmoja mmoja. Mmoja alikata simu. Mwingine alicheka sana, akaniambia wanafunzi wake walikuwa wakiuliza kila mwaka kwa nini mama anayelia hana machozi.

Anwani ya Mama Vipuri nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Hasira imebaki kidogo. Itaisha.

Mpwa wako

14 Mei

Kwa Mjomba wa yule binti wa elimu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mwenyewe, na mwanangu nikamsomea. Alicheka mpaka akapaliwa. Anasema kukusamehe amekusamehe, ila angependa kujua mazishi yake walikuja watu wangapi.

Na mimi nimekusamehe. Ila usiniandikie tena "kwa unyenyekevu mkubwa". Sote ni watu wazima. Ukisema "nilikosea" inatosha, tunaendelea na mengine.

Kama unataka kujua, jino liling'olewa kesho yake. Huyo mchoraji wenu alipomaliza mikono alisema mwanga umekwisha, akanipa maji ya chumvi nisukutue. Nilimtukana, akacheka. Alikuwa mtu mzuri. Mwambie binti asiandike kwamba nilimtukana, ingawa nilimwambia aandike.

Sasa nisikilize, maana sijamalizana na wewe.

Kwenye kikundi chetu yuko mwenzangu mmoja tunamwita Fundi Cherehani, alishona sare za shule miaka yake yote. Mimi ni mgeni pale, yeye ana miaka sita. Kila Jumatano wenzake wakizunguka, yeye alikuwa akienda kukaa mbele ya picha yangu mpaka muda wa kuondoka. Mimi sikujua. Nilidhani miguu inamuuma. Siku walipobandua kibao alikuja akakuta ule weupe ukutani, akauliza, wakamwambia. Akanifuata mpaka chooni. Akaniambia, "Nilikuwa na mahali pangu pa kukaa. Umenitoa wewe na jino lako."

Tangu siku hiyo hakai karibu nami. Nikimpa chai anaipokea, anaiweka chini, haigusi.

Alizika mtoto. Sikujua hilo pia. Ningejua ningekuja na maneno yangu taratibu. Lakini hata hivyo ningesema, maana mwanangu yu hai na sikubali.

Kwa hiyo mimi nilisema kweli, na yeye amekasirika ana haki, na wewe uko huko mbali unakunywa chai. Haifai. Yule mtoto wa kibao ulimzaa wewe. Mwandikie Fundi. Au fanya unachojua.

Ni mimi,
Mama Vipuri (nimeandika mwenyewe)

20 Mei

Mpwa wangu,

Nakutumia barua ya Mama Vipuri uisome. Irudishe.

Nimejaribu kumwandikia huyo Fundi mara tano. Mara zote tano nimeandika vizuri, na ndiyo sababu nimezichana. Nitakuja mwenyewe Jumatano ijayo, tarehe ishirini na saba, kwa basi la alfajiri. Usimwambie mkurugenzi wala usinipokee kituoni. Nataka tu kujua kama lile benchi bado lipo mbele ya picha.

Mjomba wako

29 Mei

Mpwa wangu,

Nimerudi salama. Ulikuwa juu na wanafunzi wako wa picha za ndege, na tulipokunywa chai baadaye sikuwa tayari kusimulia. Mambo haya nayaweza kwa kalamu tu.

Nilipoingia alikuwa kwenye benchi peke yake, mkoba magotini. Ni mwanamke mwembamba, amevaa vizuri, kila pindo liko mahali pake. Kibao kipya kilikuwa kimekwisha kuwekwa. Nilikisoma. Ni kizuri kuliko changu, na nakuambia hivyo bila kukubembeleza. Kisha nikakaa.

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeandika kile cha zamani."

"Najua," alisema. "Wamenionyesha picha yako kwenye mwaliko. Umezeeka."

"Nimezeeka."

Aliitazama tena picha. "Kwa hiyo hakukuwa na mtoto."

"Yupo. Ana duka la vipuri."

"Sikuulizi huyo. Nakuuliza yule wako."

Nikamwambia hakukuwepo, nilimtunga mezani kabla ya chakula cha mchana. Alitikisa kichwa juu na chini, polepole, kama mtu aliyeletewa nguo aliyoijua tangu mwanzo kwamba haitamtosha.

"Wangu alikuwepo," alisema.

Nilikuwa nimekuja na sentensi mfukoni. Niliiacha hukohuko, nikamuuliza alikuwaje. Alinitazama muda mrefu apate kujua kama nauliza kweli. Kisha akaanza, na alipokuwa akisema nikamwomba ruhusa niandike. Akasema, "Andika, ila unisomee."

Nilimsomea. Nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa mtoto mtulivu. "Futa," alisema. "Nani amekuambia mtulivu? Alikuwa msumbufu. Alikuwa akikata mifuko ya sare za watu kwa mkasi wangu aone ndani kuna nini. Andika msumbufu." Nikaandika msumbufu. Nilikuwa nimeandika pia kwamba aliugua kwa subira. "Na hiyo futa. Aligoma dawa, akaitema juu ya daktari." Nikafuta. Nilikuwa nimeweka "marehemu" mahali pawili, akaniondolea pote. Katika maisha yangu nimesahihisha maelfu ya kurasa za watu, na hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa haki kiasi kile.

Kisha akasema, "Hata pale kwenye kimya ulikosea. Siku ya tatu mimi sikunyamaza. Nilizungumza kutwa. Nilikuwa nauliza kila anayeingia nani amechukua mkasi wangu. Waliniona nimerukwa na akili."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akija kukaa pale miaka yote sita.

"Kwa sababu yule wa ukutani alikuwa amenyamaza," alisema. "Nilitamani ningeweza."



Habari ya mwanawe ilipokamilika ilikuwa mistari tisa. Niliinakili kwenye karatasi safi, nikampa. Aliniuliza kama ninataka iwekwe mahali fulani humo ndani, kwenye jalada au ukutani. Nikasema hapana, ni yake. Aliikunja kwa vidole vya mshonaji, pindo juu ya pindo, akaitia mkobani na kuufunga.

Mama Vipuri alikuwa chumba cha pili muda wote huo, akijifanya anatazama vyungu. Fundi akamwita bila kugeuka. "Wewe mwenye jino! Unajificha nini huko? Njoo ukae."

Alikuja. Benchi lile ni la watu wawili. Nikasimama, nikawaachia.

Mjomba wako